Madirisha mawili, kazi moja

Jioni moja mwezi uliopita nilikuwa nimekaa barazani na wenzangu, hapa Mji wa Kale, Mombasa, dele la kahawa likizunguka kama ilivyo ada. Mkononi nilikuwa na kishikwambi, yaani ile tableti ambayo kioo chake ni kikubwa kuliko cha simu na ni kidogo kuliko cha kompyuta ya mezani. Kiooni palikuwa na madirisha mawili yaliyofunguka ubavu kwa ubavu. Moja lina picha ya ukurasa wa daftari kuukuu, na la pili lina maandishi niliyokuwa nikiyapiga. Mzee mmoja tunayemheshimu sana akaniangalia kwa muda, akakitua kikombe chake, akasema, "Mwanangu, mshika mbili moja humponyoka." Baraza zima likacheka.

Nami nilicheka, kwani mzee hajibiwi mbele za watu. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani nilijiambia kwamba methali ile, ijapokuwa ni ya kweli, siku ile haikukaa mahali pake. Aliyestahili kuambiwa maneno yale si mimi wa kishikwambi, bali ni mimi wa mwaka jana, niliyekuwa nikiifanya kazi ile ile kwa simu. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

DAFTARI LA BIBI

Marehemu bibi yangu, mama yake baba, alituachia daftari la mashairi na tenzi alizozinakili kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika Waswahili wa zamani. Wino umefifia na pembe za kurasa zimeliwa na wadudu. Nyumbani kwetu aliyebaki akiweza kulisoma bila ya kukwama ni mmoja tu, shangazi yangu. Na yeye hasomi kwa macho pekee, bali kwa masikio pia, kwani mashairi yale aliyasikia yakiimbwa na mama yake alipokuwa mtoto. Sasa umri umekwenda na mtoto wa jicho amemwingia. Kwa hiyo niliazimia kuyahamishia katika herufi za Kirumi huku yeye yupo, awe akinisahihisha.

Waliopata kuifanya kazi hii wanaujua ugumu wake. Alama ya kasra huweza kuwa i au e, na alama ya dhumma huweza kuwa u au o, hata "chuma" na "choma" yakaandikwa sawasawa. Sauti kama p, v na ch hazina herufi zake katika Kiarabu, na kila mwandishi alizitafutia njia yake. Hapa Mombasa walikuwapo mabingwa kama Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, waliozirekebisha herufi hizo zipate kulingana na sauti za Kiswahili, lakini si kila mkono uliwafuata. Kwa hivyo msomaji hawezi kulihukumu neno peke yake. Ni lazima autazame mstari mzima, vina vyake na mizani yake, na maana ya ubeti, kisha ndipo aamue.

Basi nilizipiga picha kurasa zote kwa simu yangu, nikaanza. Nafungua picha, nasoma nusu ya mstari. Naiacha picha, nakwenda kwenye ukurasa wa kuandikia, naandika maneno mawili, la tatu limeshanitoka. Narudi kwenye picha, naikuta imejikunja na kuwa ndogo kama ilivyokuwa mwanzo, na mstari wangu siuoni. Naukuza tena ukurasa, nautafuta mstari, naupata. Nikirudi kuandika, sikumbuki tena nilikuwa nataka kuandika nini. Ubeti mmoja wa mistari minne ulinichukua robo saa. Shangazi, aliyekaa kitandani na tasbihi yake, akawa asinzia kwa kuningoja.

Usiku mmoja tulifika kwenye ukurasa ulioliwa sana. Palikuwa na ubeti ambao neno lake la mwisho halikuwapo tena. Palibaki tundu tu. Shangazi akafumba macho, akauimba ule ubeti polepole mara mbili, na neno likamjia. Nikaliandika. Nikaendelea hivyo hivyo, nikienda kwenye picha na kurudi, mpaka nikatimiza beti kumi na mbili. Kisha nikaenda kuitazama picha ya ukurasa mwingine, na niliporudi nilikuta programu ile ya kuandikia inajifungua upya kana kwamba ndiyo kwanza naigusa. Ukurasa ulikuwa mweupe.

"Yako wapi, mwanangu?" akaniuliza.

"Yamekwenda, shangazi."

"Basi tuanze tena."

Tulianza tena, na beti kumi na moja tulizipata. Lile neno la tunduni halikurudi. Shangazi aliuimba ubeti usiku ule na kesho yake na mtondo, na kila alipofika pale alinyamaza. Nami nilisahau, kwa sababu akili yangu ilikuwa mbioni kati ya picha na karatasi. Mpaka leo sijalipata.

USINGIZI WA SIMU

Mimi si fundi wa mitambo, lakini baada ya msiba ule nilifuatilia nijue kilichotokea. Kila simu ya siku hizi ina mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayozisimamia nyingine zote: ipi ifanye kazi, ipi ilale na ipi itolewe nje. Simu nyingi duniani hutumia mmoja kati ya mifumo miwili, Android ya kampuni ya Google au iOS ya kampuni ya Apple.

Ukiiacha programu moja ukaenda kwenye nyingine, ile ya kwanza aghalabu haiendelei na kazi kama tunavyodhani. Hulazwa. Hubaki katika kumbukumbu ya simu lakini haifanyi lolote, ili isile betri. Kumbukumbu ikianza kujaa, mfumo huzitazama zile zilizolala na kuzitoa nje moja moja, bila ya kumpigia hodi mwenye simu. Vile vikadi vya programu unavyoviona ukitaka kurudi ulikotoka, vingine ni picha tu ya mambo yalivyokuwa. Ukikigusa kimoja, huenda nyuma yake hamna kitu. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu huihifadhi kazi yako kabla ya kulala. Iliyoandikwa ovyo hufa na kila kilichomo.

Tena jambo hili lina historia yake. Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007 haikuwa na programu za watu wa nje. Zilipokubaliwa mwaka 2008, hazikuruhusiwa kuendelea na kazi baada ya kuachwa. Ruhusa ilikuja Juni 2010 katika iOS 4, nayo ilikuwa kwa shughuli chache maalumu, kama kupiga muziki, kupokea simu za intaneti, kufuata njia ya msafiri na kumalizia kazi iliyokwisha kuanza. Android tangu mwaka 2008 ilikuwa karimu zaidi, lakini ukarimu ule ulikula betri, hata Google ikaanza kukaza kamba katika Android 6 ya mwaka 2015 na Android 8 ya mwaka 2017. Na ule mtindo wa kuzipanga programu kama karata mezani ulionekana katika simu ya Palm Pre ya mwaka 2009. Simu ile imekwisha kutoweka, lakini karata zake zimerithiwa na wengine.

Nisiwadhulumu mafundi hawa. Simu ni kitu kinacholala chini ya mto wetu, na kazi yake ya kwanza ni kulia inapopigwa. Usiku wa manane mtu anapougua, au msiba unapotokea Lamu na jamaa wako Mombasa, hatutaki kuikuta simu imekufa betri kwa sababu programu ishirini zilikuwa zikikesha. Kuzilaza ni hekima. Ninalolilalamikia ni kumuua mtu kazi yake kimya kimya, kisha kumwonyesha picha yake kana kwamba iko hai.

INCHI MOJA

Sasa tuje kwenye kishikwambi. Wengi hudhani kwamba kishikwambi kilipewa madirisha mawili kwa sababu kina kioo kikubwa, basi. Mambo hayakwenda hivyo. iPad ya kwanza ilitoka mwaka 2010 ikiwa na kioo cha inchi 9.7, na kwa mambo ya mfumo endeshi ilikuwa kama simu iliyovutwa ikapanuka: programu moja tu kwa wakati mmoja, kioo kizima. Ilikaa hivyo miaka mitano. Ni Septemba 2015, katika iOS 9, ndipo programu mbili zilipokubaliwa kugawana kioo cha iPad, na hata hapo si iPad zote. Mwanzo ilikuwa ni zile zenye kumbukumbu ya kutosha kama iPad Air 2.

Hapa ndipo pa kushangaza. iPhone 6s iliyotoka mwezi ule ule ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 2, sawa na ile iPad Air 2, walakini haikupewa ruhusa hiyo. Tena iPad mini 4 ya mwaka ule ilikuwa na kioo cha inchi 7.9 na ilipewa, ilhali iPhone 16 Pro Max ya mwaka 2024, yenye kioo cha inchi 6.9, ilitoka bila ya kupewa. Tofauti ni inchi moja! Upande wa Android mambo yalikwenda njia nyingine. Samsung iliwaruhusu watu kuugawa uwanja wa kioo katika baadhi ya simu na vishikwambi vyake vya Galaxy Note tangu mwaka 2012, na Android 7 ya mwaka 2016 ikaliweka jambo hilo ndani ya mfumo wenyewe, kwa simu na kwa vishikwambi pia.

Kwa hakika basi, mpaka huu kati ya simu na kishikwambi umechorwa na watu waliokaa ofisini na kuamua kwamba mwenye simu ni mpita njia na mwenye kishikwambi ni mtu aliyeketi. Mwaka 2019 Apple iliutenga kabisa mfumo wa iPad, ikauita iPadOS, na mwaka 2025 ikauruhusu kufungua madirisha mengi na kuyapanua au kuyafinya apendavyo mwenyewe. Google nayo ilitoa Android 12L mwaka 2022 kwa ajili ya vioo vikubwa. Na tangu mwaka 2019 Samsung imekuwa ikiuza simu zinazokunjuka zikawa kama vishikwambi. Lakini bei zake si za watu wa kwetu.

Hata hivyo lazima niseme kweli. Baada ya kujua haya niliijaribu simu yangu, nayo ni ya Android. Nikaiweka picha ya daftari juu na maandishi chini. Lakini mara tu nilipogusa nianze kuandika, kibodi ilipanda ikala nafasi yote, nikabakiwa na mistari miwili ya maandishi na kipande cha picha kama ukucha. Simu ni nyembamba, na jambo hilo halina hila. Ndipo ndugu zangu wawili na mimi tukachanga, tukanunua kishikwambi kilichotumika. Nikaiweka picha kushoto na maandishi kulia, na shangazi akaanza kunisomea. Ubeti uliokuwa ukichukua robo saa ukawa hauzidi dakika tatu.

MATINI NA SHEREHE

Nirudi kwa mzee wangu wa barazani. Mshika mbili ni nani hasa? Ni yule aliye na vitu viwili mbele ya macho yake, au ni yule aliye na viwili akilini kwa sababu macho yake yameruhusiwa kimoja tu? Nilipokuwa na simu, kioo kilikuwa na kitu kimoja na mimi nilikuwa nimegawanyika. Nilibeba nusu ya mstari kichwani kama mtu anayechota maji kwa viganja, na kila safari yalimwagika njiani. Sasa kioo kina vitu viwili na mimi nina kazi moja.

Tena hili si jambo geni kwetu. Waliosoma vyuoni wanavikumbuka vile vitabu ambavyo matini iko katikati na sherehe imeizunguka pembeni. Hakuna aliyesema kwamba mwanafunzi wa kitabu kile ameshika mbili. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, katika Qurani Takatifu yake iliyochapwa Nairobi mwaka 1969, aliwapa Waswahili maneno ya Kiarabu, tafsiri yake na maelezo yake pamoja. Jicho huenda na kurudi bila ya kugeuza ukurasa, na akili haitoki katika maana. Wazee wetu walijua kwamba vitu viwili vinavyotumikia jambo moja ni kitu kimoja.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa, "Mbona mwanangu ana kishikwambi, kitabu kiko kushoto na mpira uko kulia?" Ni kweli, nami nimeyaona nyumbani kwangu. Mtoto wa dada yangu alikaa akifanya hesabu za shule huku video inaelea pembeni mwa kioo, na hesabu saba zilimchukua saa nzima. Hata mimi mwenyewe, usiku mmoja, badala ya daftari la bibi niliweka mazungumzo ya jamaa upande wa kushoto, na nilipozinduka nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu. Hapo mzee wangu angelinipiga na methali yake, na ningelistahili.

Lakini hilo si kosa la dirisha la pili. Swali la kujiuliza ni fupi: hili la pili linalitumikia la kwanza, au linaliibia? Kamusi kando ya kitabu inatumikia. Ramani kando ya barua ya safari inatumikia. Mpira kando ya hesabu unaiba. Mfumo endeshi hauwezi kulijibu swali hili kwa niaba yetu. Hauijui kamusi wala mpira, unajua tu madirisha.

NINALOLITAKA

Kwa watengenezaji nina maneno mawili. La kwanza, wasichukulie kwamba mtu wa simu hana kazi ya maana. Huku kwetu watu wengi simu ndiyo kompyuta yao ya pekee. Ndiyo wanayoandikia barua ya kuomba kazi, ndiyo wanayosomea, ndiyo wanayowekea hesabu za duka. Inchi moja isiwe sababu ya kumnyima mtu hiari. La pili, kama ni lazima kazi ya mtu itolewe nje, basi na ihifadhiwe kwanza, au aambiwe.

Kwa sisi wenyewe, tuvijue vyombo vyetu. Wengi wana simu za Android zinazoweza kukigawa kioo na hawajapata kujaribu hata siku moja. Kazi ihifadhiwe kila baada ya ubeti, wala usiungoje mwisho. Arifa zifungwe wakati wa kusoma. Na mzazi mwenye fedha ya kumnunulia kila mtoto simu yake, afikiri kama si bora nyumba nzima iwe na kishikwambi kimoja, kiwe mezani ukumbini, mahali ambapo kila mtu anaona dirisha la pili lina nini. Serikali ilipoanza mwaka 2016 kugawa vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza katika shule za umma, watu walibishana sana juu ya gharama. Ni wachache waliouliza mtoto atafundishwa kuweka nini ubavuni mwa nini.

Juzi nilikwenda tena barazani, nikakaa karibu na yule mzee, nikamwonyesha madirisha yangu. Aliitoa miwani yake mfukoni, akausoma mstari wa bibi upande wa kushoto, akausoma wangu upande wa kulia, kisha akaweka kidole kiooni. "Hapa umekosea," akasema. "Hii si chuma. Ni choma. Utazame ubeti." Nikautazama ubeti, na kweli maana ilikuwa choma. Nikamuuliza kama bado ananiona nimeshika mbili. Hakunijibu, aliniambia nikunjue ukurasa mwingine.

Sasa tumefika nusu ya daftari. Katika ule ubeti wa tundu nimeacha nafasi yenye nukta tatu, na kila siku chache nausoma kwa sauti mbele ya shangazi, huenda neno likarudi. Majumba mengi ya pwani hii, kutoka Vanga hadi Lamu, yana madaftari kama lile, na yana shangazi kama wangu. Ukiwa na la kwenu, lifungue wakati yeye angali akiweza kukuambia kwamba umekosea. Na chochote utakachokitumia, kiwe kinakuonyesha mkono wa bibi na mkono wako mara moja.